Bei ya Nyumba au Bei ya Mahali?

Mtu yeyote mwenye simu anaweza leo kuandika anwani ya nyumba asiyoijua, katika mji wa Marekani ambao hajawahi kuukanyaga, na kabla chai yake haijapoa akasoma nyumba hiyo iliuzwa mwaka gani, kwa dola ngapi, ikauzwa tena lini, na kati ya mauzo hayo mawili bei ilipanda au kushuka kwa asilimia ngapi. Chini ya jedwali hilo kwa kawaida kuna mchoro wenye mistari miwili, mmoja wa nyumba yenyewe na mwingine wa mtaa ilipo. Mstari wa nyumba ukipita juu ya ule wa mtaa, mwenye nyumba hujiona hodari. Ukipita chini, mnunuzi hudhani ameokota dodo. Wakala wa nyumba huutumia mchoro kushawishi, benki huyatazama mauzo hayohayo kabla ya kutoa mkopo, na watu wengine huufungua usiku kwa umbeya tu, wajue jirani alilipa ngapi. Hoja yangu leo ni kwamba ulinganisho huo hujibu swali dogo, tena hulijibu vizuri, lakini katika kulijibu hulifunika swali kubwa. Swali dogo ni kama nyumba imekwenda sambamba na mahali ilipo. Swali kubwa ni kwa nini mahali pale pana bei ile, na ni nani aliyeifanya iwe hivyo.

Tuchukue Levittown, katika kisiwa cha Long Island mashariki mwa jiji la New York. Mwaka 1947 kampuni ya Levitt and Sons ilianza kujenga nyumba kwenye yaliyokuwa mashamba ya viazi katika kaunti ya Nassau, na kufikia mwaka 1951 zilikuwa zimesimama nyumba 17,447. Kazi ya ujenzi ilikatwa katika hatua 27, na kila kikundi cha mafundi kilihama kiwanja hadi kiwanja na hatua yake ileile moja, kiasi kwamba siku za kasi zilikamilika nyumba zaidi ya 30 kwa siku moja. Nyumba za mwanzo zilikuwa na futi za mraba 750, vyumba viwili vya kulala, bafu moja, sakafu ya zege iliyomwagwa moja kwa moja juu ya ardhi, na nafasi tupu ya darini ambayo mwenyewe angeigeuza vyumba siku akipata uwezo. Kwanza zilipangishwa kwa askari waliorudi vitani. Mwaka 1949 kampuni ikaanza kuuza toleo jipya kwa dola 7,990, na mnunuzi akilipa dola 58 kwa mwezi. Kwa anayechunguza bei, mtaa wa namna hii ni bahati kubwa. Maelfu ya nyumba zilianza ndani ya miaka michache, kwa bei inayojulikana, zikiwa na sura moja na viwanja vinavyokaribiana ukubwa. Zikitofautiana baadaye, tunaweza kuuliza kilichozitofautisha bila kupotezwa njia na uzuri wa nguzo au ukubwa wa bustani.

Leo nyumba ya kawaida ya Levittown huuzwa kwa zaidi ya dola 600,000. Ukiweka tarakimu hizo mbili katika jedwali, bei imepanda mara 75, na hapo ndipo wengi hufunga hesabu. Lakini dola ya mwaka 1949 si dola ya leo. Kwa kipimo cha serikali ya Marekani cha gharama za maisha, dola 7,990 za wakati ule ni sawa na kama dola 105,000 za mwaka 2024. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile mara 75 ni dola kupungua nguvu, na kinachobaki baada ya kuondoa mfumuko wa bei ni ongezeko la karibu mara sita. Ukiligawa kwa miaka 75, unapata kama asilimia 2.3 kwa mwaka. Si haba, lakini pia si muujiza. Robert Shiller, mchumi wa Chuo Kikuu cha Yale aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2013, alipokusanya takwimu za bei za nyumba za Marekani tangu mwaka 1890, alikuta kwamba kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 bei hizo, zikishaondolewa mfumuko, zilipanda kidogo sana. Kwa hiyo Levittown imepita wastani wa nchi kwa mbali, na ndiyo sababu inafaa kuulizwa imepitaje.

Kabla ya kuuliza hilo, kuna jambo jedwali halilisemi kabisa. Nyumba iliyouzwa kwa dola 600,000 si ile iliyouzwa kwa 7,990. Anwani ni ileile, jengo silo. Darini pameshatiwa vyumba, nyuma kumeongezwa jiko, paa limeezuliwa na kuezekwa upya, na mabomba yaliyofukiwa ndani ya zege, yaliyokuwa yakipasha sakafu joto wakati wa baridi, yamechakaa na mengi kuachwa. Nyumba za Levittown zimebadilishwa sana hivi kwamba mtafiti anayetafuta moja iliyobaki kama ilivyotoka mikononi mwa fundi hupata kazi. Fedha zote hizo zilitoka mifukoni mwa wenye nyumba kwa vipindi, na hakuna safu katika jedwali la mauzo inayoziandika. Wala hakuna safu ya riba ya mkopo, ya bima, wala ya kodi ya majengo, ambayo Nassau hupita dola 10,000 kwa mwaka kwa nyumba nyingi za kawaida. Jedwali huandika fedha iliyotoka mfukoni siku ya kununua na iliyorudi siku ya kuuza, na hunyamaza juu ya miaka 20 au 30 iliyo katikati. Ndiyo maana nyumba inayoonekana kuushinda mtaa wake mara nyingi ni nyumba iliyomiminiwa fedha zaidi kuliko jirani zake, na mwenye nyumba anayesema amepata faida ya dola laki mbili huenda laki moja na nusu alikuwa amezitanguliza mwenyewe kwa fundi na kwa duka la vifaa.

Jengo lenyewe, likiachwa bila kuguswa, hupoteza thamani kila mwaka kama linavyopoteza gari. Kinachopanda hasa ni ardhi. Wachumi Morris Davis na Jonathan Heathcote walitenganisha vitu hivyo viwili kwa nchi nzima ya Marekani, wakakuta kwamba kati ya mwaka 1975 na 2006, baada ya kuondoa mfumuko, bei ya ardhi ya makazi ilikaribia kupanda mara nne, huku gharama ya majengo ikipanda kwa kama theluthi moja. Baadaye Katharina Knoll, Moritz Schularick na Thomas Steger wakachunguza nchi 14 tangu mwaka 1870, nao wakakuta kwamba kama asilimia 80 ya kupanda kwa bei za nyumba baada ya Vita Kuu ya Pili kunatokana na ardhi. Matokeo hayo hubadilisha maana ya ile mistari miwili ya mchoro. Nyumba mbili za mtaa mmoja zimekalia ardhi ya bei moja au karibu moja. Sehemu inayopanda ni ya wote. Sehemu inayozitofautisha ni ile inayochakaa, yaani paa, mabomba, jiko, pamoja na jambo jingine ambalo halihusiani na nyumba hata kidogo, nalo ni tarehe.

Tarehe ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Faharisi ya bei za nyumba ya Marekani inayobeba majina ya Karl Case na Robert Shiller iliwekwa kuwa 100 Januari 2000. Ilifika kama 184 katikati ya mwaka 2006, ikaporomoka hadi kama 134 mwanzoni mwa 2012. Sasa tuseme kuna nyumba mbili pacha, ukuta wa hii ukitazama ukuta wa ile, na zote zimefuata faharisi hiyo bila kupinda. Moja ilinunuliwa Januari 2000 kwa dola 200,000, nyingine katikati ya 2006 kwa dola 368,000. Mwanzoni mwa 2012 zote zikauzwa kwa dola 268,000. Jedwali la kwanza litaonyesha faida ya asilimia 34, la pili hasara ya asilimia 27. Mtu anayesoma majedwali hayo bila kutazama tarehe ataapa kwamba nyumba ya pili ina kasoro, pengine maji huingia chini au jirani ni mgomvi. Hakuna kasoro. Kuna familia iliyopata mtoto na kutafuta nyumba mwaka mbaya. Watu hununua nyumba kwa sababu ya ndoa, kazi na watoto, na huuza kwa sababu ya talaka, uzee na vifo, na kalenda ya mambo hayo haifuati kalenda ya soko.

Mstari wa mtaa nao una matatizo yake. Mara nyingi huchorwa kwa bei ya katikati, yaani nusu ya mauzo ya mwaka yapo juu yake na nusu chini. Mtaa wenye mauzo 40 kwa mwaka unaweza kuonekana umepanda kwa asilimia 10 kwa sababu tu mwaka huo zimeuzwa nyumba kubwa nyingi zaidi, ilhali hakuna hata nyumba moja iliyoongezeka thamani. Case na Shiller walilijua tatizo hilo, ndiyo maana faharisi yao haichanganyi nyumba tofauti. Huchukua nyumba moja ilipouzwa mara ya kwanza na ilipouzwa mara ya pili, ikalinganisha bei hizo, kisha ikaunganisha maelfu ya jozi za namna hiyo. Njia hiyo ni ya akili, lakini ina bei yake. Nyumba ambayo familia moja imeikalia tangu 1951 haimo, kwa kuwa haijauzwa mara mbili. Nyumba mpya haimo. Iliyouzwa kwa ndugu kwa bei ya kindugu huondolewa. Kwa hiyo hata kipimo bora kuliko vyote kinapima nyumba zinazohamahama, si nyumba zote.

Halafu kuna suala la mpaka. Mtaa unaanzia wapi? Mwaka 1999 mchumi Sandra Black alichapisha utafiti wa viunga vya Boston, akilinganisha nyumba zilizo pande mbili za mpaka wa shule: upande huu watoto wanakwenda shule hii, ng'ambo ya barabara wanakwenda ile. Barabara moja, miti ileile, maduka yaleyale. Alikuta kwamba alama za mitihani za shule ya msingi zikiwa juu kwa asilimia 5, wazazi walikuwa tayari kulipa kama asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba. Anayechora mstari wa mtaa akiuvusha mpaka huo, amechanganya bidhaa mbili. Asipouvusha, amekubali kwamba anachokipima ni shule. Vyovyote vile, nyumba imekwisha kuwa jambo la pembeni.

Hapa nasikia pingamizi la kwanza, nalo ni la watu wa kompyuta. Watasema matatizo yote hayo, ya tarehe, ukarabati, mchanganyiko wa nyumba na mpaka wa shule, ni ya mtu mwenye kalamu na karatasi, na kwamba mashine yenye mamilioni ya mauzo huyatatua. Kampuni ya Zillow, iliyozindua tovuti yake mwaka 2006, hukadiria bei ya mamilioni ya nyumba za Marekani. Kwa takwimu zake yenyewe, kosa la kawaida la makadirio hayo ni kama asilimia 2 kwa nyumba iliyo sokoni, na kama asilimia 7 kwa nyumba ambayo haiuzwi. Tazama tofauti ya namba hizo mbili. Nyumba haijabadilika kwa kuwekwa kibao cha kuuzwa. Kilichobadilika ni kwamba mwenyewe na wakala wake wametangaza bei wanayoitaka, na mashine imeisoma. Usahihi wa asilimia 2 kwa sehemu kubwa umeazimwa kwa wanadamu walioingia ndani, wakaona jiko na kunusa unyevu. Kampuni hiyohiyo ilijaribu kununua nyumba kwa fedha zake ikitegemea makadirio yake, na Novemba 2021 ikatangaza kuifunga biashara hiyo na kupunguza robo ya wafanyakazi. Viongozi wake walisema wazi kwamba kutabiri bei za nyumba kumekuwa kugumu kuliko walivyotazamia. Sisemi mashine haina faida. Nasema haijaliondoa tatizo letu, kwa sababu nayo hujifunza kutoka kwa bei zilizopita za mahali, na bei hizo ndizo tunazozihoji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu atasema: hesabu zote hizo nzuri, lakini familia zilizonunua Levittown mwaka 1949 ziliinuka. Watoto wao walisoma vyuoni kwa mkopo uliowekewa rehani ya nyumba ile, wazee waliiuza wakahamia Florida. Je, hayo si mali? Ni mali, tena ya kweli. Ila chanzo chake si werevu wa kuchagua nyumba. Kwanza, walikopa. Aliyetanguliza dola 90 kwa nyumba ya dola 7,990 alivuna ongezeko la nyumba nzima kwa kianzio kidogo sana, na deni lake likayeyuka pamoja na thamani ya dola. Pili, malipo ya kila mwezi yaliwalazimisha kuweka akiba ambayo wengi wetu tusingeiweka kwa hiari. Kama ni kuchagua mahali pa kuweka fedha tu, hisa za kampuni kubwa za Marekani zilipanda zaidi: faharisi ya Dow Jones ilikuwa kama 200 mwishoni mwa 1949 na zaidi ya 42,000 mwishoni mwa 2024, bila kuhesabu gawio. Lakini mwenye mshahara mdogo asingekopeshwa kununua hisa kwa masharti yale, wala hisa haimkingi mtu mvua. Mkopo wa nyumba ulipatikana kwa sababu serikali kuu ilisimama nyuma yake, kupitia shirika la dhamana za mikopo ya nyumba lililoanzishwa mwaka 1934 na sheria ya askari wastaafu ya mwaka 1944. Utajiri wa Levittown, kwa hiyo, ulianzia katika dhamana ya serikali, na hapo ndipo linaposimama lile swali kubwa: dhamana hiyo ilitolewa kwa nani?

Haikutolewa kwa wote. Mikataba ya mwanzo ya upangaji Levittown ilikuwa na kifungu cha 25 kilichokataza nyumba kukaliwa na mtu asiye mzungu, isipokuwa mtumishi wa ndani. Askari mweusi aliyepigana katika vita ileile, mwenye haki ya mkopo uleule kwa maandishi, hakuweza kuingia. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, iliamua kwamba mahakama haziwezi kusimamia mikataba ya kubagua rangi katika nyumba, lakini kampuni iliendelea kuwafungia weusi mlango, na ubaguzi wa wauzaji nyumba haukupigwa marufuku na sheria ya nchi nzima hadi mwaka 1968. Hata katika sensa za miaka ya karibuni, Wamarekani weusi ni sehemu ndogo sana ya wakazi wa Levittown. Ukiichukua nyumba yoyote ya pale ukailinganisha na mtaa wake, kifungu cha 25 hukioni. Hakiwezi kuonekana, kwa kuwa kimo ndani ya mistari yote miwili kwa kipimo kimoja.

Kinyume chake nacho hakionekani. Mwaka 2018 Andre Perry na wenzake wa taasisi ya Brookings walichapisha utafiti wa mitaa ambayo wakazi wengi ni weusi. Walilinganisha nyumba zenye ubora unaofanana, katika mitaa yenye huduma zinazofanana, na wakakuta kwamba mitaa hiyo hukadiriwa chini kwa asilimia 23, yaani kama dola 48,000 kwa kila nyumba kwa wastani. Sasa fikiria mthamini anayetumwa na benki katika mtaa kama huo. Kanuni za kazi yake humtaka atafute angalau mauzo matatu ya karibuni ya nyumba zinazofanana, na yaliyo karibu ndiyo bora. Atayapata mtaa uleule. Atafanya hesabu yake kwa uaminifu, na nyumba itatoka sawasawa na mtaa: haina upungufu, haina ziada, jedwali limekaa vizuri. Zile asilimia 23 zimepita mbele ya macho ya mtu mwadilifu bila yeye kuziona, na bei anayoiandika leo itakuwa moja ya mauzo matatu ya mthamini wa kesho. Hili ndilo ninalolihesabu kuwa kosa kubwa la ulinganisho huu. Mtaa haufai kuwa mizani ya mwisho, kwa sababu mtaa wenyewe haujapimwa.

Kuna wanaoamini kwamba mahali, kwa kuwa ardhi haiongezeki, hatimaye hupanda popote. Detroit inawajibu. Mwaka 1950 mji huo ulikuwa na wakazi zaidi ya milioni 1.8, mwaka 2010 ukabakiwa na 713,777, na katika miaka ya msukosuko wa mikopo ya nyumba uliofuata kilele cha 2006, nyumba nyingi imara za matofali ziliuzwa kwa chini ya dola 10,000, bei ya gari kuukuu. Hakuna aliyezihamisha. Waajiri walihama, wakazi wakafuata, na mahali pakapoteza sababu yake ya kuwa na bei.

Je, basi tuyatupe majedwali? Hapana, na kaunti ileile ya Nassau inaonyesha kazi yanayoifaa. Kodi ya majengo kule hutozwa kwa thamani. Kwa miaka kadhaa baada ya 2010 kaunti iliacha kukadiria upya thamani, lakini ikawaruhusu wenye nyumba kupinga makadirio, na waliopinga wengi wao walipunguziwa. Mwaka 2017 gazeti la Newsday lilichunguza na kukuta kwamba mzigo wa kodi wa dola bilioni 1.7 ulikuwa umehama kutoka kwa waliopinga kwenda kwa wasiopinga, ambao wengi walikuwa wa mitaa maskini zaidi. Uchunguzi kama huo usingewezekana bila kumbukumbu za bei za kila nyumba. Hapa swali dogo, kama nyumba hii inatozwa sawa na jirani yake, ndilo hasa swali la haki, na ulinganisho wa nyumba kwa nyumba ndio unaolijibu.

Mfano huo unaeleza pia kwa nini kumbukumbu hizo zipo. Wamarekani hawakuanza kuandika bei za nyumba kwa kupenda uwazi. Sababu moja kubwa ni kwamba kodi ya majengo hulipia shule, na kodi hiyo hutozwa kwa thamani. Hata hivyo si kote: Texas, ambako wanaishi Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi, sheria haimlazimishi mtu kutangaza aliuza kwa kiasi gani, na anayenunua nyumba viungani mwa Dallas au Houston hukuta makadirio tu pale ambapo mwenzake wa New York angekuta bei halisi. Ni vizuri akilijua hilo kabla ya kuuamini mchoro.

Kwetu Afrika Mashariki sababu ya kuandika haijawahi kuwa na nguvu hiyo. Tanzania, tangu mwaka 2021, kodi ya majengo hukatwa pamoja na umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla: nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Kiwango hicho hakitofautishi Masaki ya matajiri na Mbagala ya watu wa kawaida, zote za Dar es Salaam, hivyo kwa ajili ya kodi hiyo hakuna haja ya kujua nyumba ya Masaki iliuzwa kwa kiasi gani, na bei mara nyingi hubaki kwa muuzaji, mnunuzi na dalali. Nairobi ilichukua njia nyingine. Kule kodi ya viwanja hutozwa kwa thamani ya ardhi peke yake, bila jengo, jambo ambalo kwa hesabu za Davis na Heathcote ni la busara kabisa. Ila daftari la thamani lililotumika hadi mwisho wa 2022 lilikuwa la mwaka 1980. Kwa zaidi ya miaka 40 kipimo sahihi kilijazwa namba zilizokufa.

Wanaodai siku hizi kwamba Dar es Salaam na Nairobi zichapishe bei za mauzo kama Marekani nawaunga mkono, kwa sharti moja. Katika majimbo mengi ya Marekani daftari la kodi lina safu mbili, moja ya thamani ya ardhi na nyingine ya jengo, lakini michoro ya kwenye simu huzichanganya kuwa namba moja. Tukianza, tuanze na safu mbili na tuziache mbili. Mnunuzi wa Kigamboni kule Dar es Salaam, au wa Kitengela jirani na Nairobi, aone ni shilingi ngapi analipia matofali, na ni ngapi analipia daraja au barabara iliyojengwa kwa fedha za umma. Akishaziona namba hizo, mazungumzo yake na dalali yatakuwa mengine, na yake na halmashauri pia.